Mwalimu Asiyependekeza Kitu

Ukimuuliza Mwalimu wapi hapa Gisimenti, Kigali, wanachoma brosheti nzuri, yaani mishikaki, alikuwa akikutajia mahali anapokula yeye, kisha anainua kidole. "Nimekwambia ninapokula. Sijasema uende."

Ndivyo alivyokuwa kwa kila kitu. Mwenzetu mmoja darasani alimwomba amtajie mwenye nyumba mwaminifu. Mwalimu akampa majina matatu na kasoro za kila mmoja, kasoro tupu, halafu akamwambia achague kasoro anayoiweza. Mhudumu wa pale tulipozoea kukaa baada ya darasa alimuuliza siku moja, kwa utani, kama hana kijana wa kumpendekezea. Alimjibu bila kucheka: "Dada yangu, mimi nikipendekeza kitu, maana yake nimekiingiza nyumbani kwako wakati hujaniangalia. Tafuta mwenyewe." Yule dada ilibidi acheke kwa niaba yao wote wawili.

Tabia hii ilitokana na kazi. Alikuwa mtu wa vifurushi, na mimi nilikuwa mwanafunzi wake, na kwa asiyejua kazi hii lazima nieleze kidogo, la sivyo hutaelewa kwa nini nilimnunia mtu mzima karibu mwaka mzima.

Programu ya wavuti, yaani ile inayokaa kwenye kompyuta moja na watu wakaifungua kwa simu zao, haisimami peke yake. Inaegemea programu nyingine: moja ya kutunza kumbukumbu, moja ya kupokea maombi yanayotoka kwenye simu hizo, moja ya kuchapa, na kadhalika. Anayeifunga iwe kifurushi, ili mtu mwingine aisakinishe kwa amri moja, lazima aandike orodha tatu. Ya kwanza ni ya vitu vya lazima. Visipokuwepo, programu haiwaki. Ya tatu ni ya vitu vya kudokezwa. Hivyo kompyuta inakutajia majina yake tu, katika mstari mmoja unaopita kwenye skrini, na mstari huo sijamwona binadamu aliyeusoma. Orodha ya kati ndiyo yenye kesi. Ni ya vitu vya kupendekezwa. Programu inaweza kuishi bila hivyo, lakini kompyuta huvileta yenyewe usipokataa, na watu hawakatai, kwa sababu hawajui kwamba wameulizwa.

Sasa weka hapo bando. Mtu wa Nyamirambo amenunua bando la siku, anataka kusakinisha programu ya kazi yake. Aliyefunga kifurushi akijiona mkarimu, akapendekeza hiki na kile, bando linaisha katikati ya njia na mtu anabaki na nusu programu. Nusu programu haina soko. Nimewahi kuuza chaja, betri na kompyuta za mtumba kule mjini, na nakuhakikishia nimeuza vitu vibovu vingi, lakini nusu programu singeweza.

Mwalimu alitufanya tuusikie uzito huo kwenye mifuko yetu. Darasa lake lilikuwa chumba cha kupanga juu ya duka la nafaka, sisi sita na harufu ya maharage makavu. Alikataa katakata tutumie intaneti ya chumba. Kila mmoja alisakinisha kifurushi chake kwenye kompyuta tupu, kwa bando alilolinunua mwenyewe. Kijana mmoja alipendekeza kwenye kifurushi chake programu ya kuchora ramani, akaishiwa bando saa nne asubuhi, akashinda siku nzima akitutazama sisi tukifanya kazi. Mwalimu alimpitia, akamgusa bega. "Unaonaje ukarimu wako?"

Kipimo chake cha nini kiende wapi kilikuwa cha simu. "Mtu akikikosa hiki, atakupigia lini?" Ndilo lilikuwa swali. Akipiga saa ileile, hicho ni cha lazima. Asipopiga kabisa, dokeza, na hata usipodokeza hakuna aliyekufa. "Lakini kuna kitu," alisema, na hapo alikuwa anavua miwani, "ambacho mtu akikikosa hatapiga leo wala kesho. Atapiga baada ya mwezi, na atakapopiga atakuwa analia. Hicho ndicho unachopendekeza. Hicho tu."

Nimefundishwa mambo mengi na watu wengi, mengine kwa makofi. Hilo ndilo ambalo sijawahi kulikuta lina tundu.

Alikuwa na koti la kahawia ambalo lilipoteza kifungo cha juu kabla sijamfahamu, na katika miaka yote niliyokaa naye hakukishona wala hakuacha kufunga kile cha chini yake, kwa hiyo alionekana daima kama mtu aliyeanza kuvaa akakatizwa. Ndani ya koti kulikuwa na daftari la shule la kurasa arobaini na nane na penseli fupi. Orodha zote alizianza kwa penseli, kwenye daftari, kabla ya kugusa kompyuta. Alikuwa amekulia Tanzania, kule Karagwe, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka mno kwa mji huu. Sisi wa Nyamirambo tulimcheka kwa siri na yeye alitusahihisha waziwazi.

Alichukia kupoteza kitu. Aliwahi kunirudishia waya wa kuchajia niliokuwa nimeshausahau, miaka mitatu baadaye, umekunjwa vizuri na kufungwa kwa uzi. Lakini chai aliacha nusu kikombe kila siku, kila mahali, na ukimuuliza anasema hiyo nusu ni ya heshima. Heshima ya nani, hakusema.

Na alikuwa hawezi kuuliza asilolijua. Hili nililiona mapema, nikacheka, nikaliacha lipite, na hapo ndipo nilipokosea. Alihamia Batsinda, kwenye zile nyumba za bei nafuu zilizofanana kama matofali ya tanuri moja. Wiki ya kwanza aliingia nyumba isiyo yake. Mama mwenye nyumba akamkaribisha kiti, akidhani ni mgeni wa mumewe. Mwalimu aligundua kosa lake mara moja, maana ukutani kulikuwa na picha za harusi za watu wengine. Unadhani aliuliza nyumba yake iko wapi? Alikaa. Alikunywa chai, nusu kikombe. Mume aliporudi, alizungumza naye habari za mvua, akaaga kwa adabu zote, kisha akatoka akajaribu mlango wa tatu kutoka hapo. Alitusimulia mwenyewe, akijivunia kwamba hakuna aliyejua.

"Ungeuliza tu, Mwalimu," nilimwambia.

"Kuuliza kungewapa kazi ya kujibu."

Mimi ni kinyume chake. Naishi kwa kuuliza: bei, kisha bei halisi, kisha bei ya mwisho, kisha ile ambayo mwenye mali anaitaja ukishageuka kuondoka. Na nahesabu mara mbili. Si kwa sababu sina imani na watu. Sina imani na hesabu ya kwanza. Darasani walinitania kwa hilo, ila Mwalimu hakunitania. Alisema, "Huyu ndugu yenu anahesabu mara mbili. Ninyi mnahesabu mara moja, mara ya pili mnamwachia Mungu."

Kutokana na tabia hiyo nikaandika programu ndogo. Niliiita Pacha. Kila jioni Pacha anachukua kumbukumbu zote za siku, anazinakili, anaiweka nakala kwenye kidude kingine kilichochomekwa pembeni, kisha anazihesabu zote mbili kuona kama zinalingana. Basi, hana kazi nyingine. Megabaiti saba. Mwalimu alipomwona Pacha, alifungua daftari, akaandika jina lake kwenye ukurasa wa vya kupendekezwa, akalipigia mstari chini. Kwa mtu ambaye hakuweza kukupendekezea hata maandazi, ule mstari ulikuwa sherehe.

Wakati huo tulikuwa tunafunga kifurushi kikubwa, programu ya mafundi cherehani, ambayo tuliiita Kipimo. Inatunza vipimo vya wateja: kiuno, bega, urefu wa mkono, na nguo ipi inadaiwa lini. Mambo kumi na moja yaligombea orodha ya kati. Tulibishana asubuhi mbili. Mwalimu aliyapitisha yote kwenye swali lake la simu, na nane yakaanguka. Yalibaki matatu: lebo za Kinyarwanda, uchapaji wa vikaratasi vya nguo, na Pacha. Nilijumlisha uzito wote, pamoja na vya lazima. Megabaiti mia moja sitini na tano. Nikajumlisha tena. Mia moja sitini na tano.

"Tumefunga?" Mwalimu aliuliza.

"Tumefunga," tukasema sote sita.

Siku hizo hizo alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nyamirambo, nyuma ya msikiti, kuna chama cha mafundi cherehani, wanawake kumi na wanne, na mkubwa wao tunamwita Mama Zaituni. Walikuwa wanatafuta mtu wa kuwawekea Kipimo na kuwaangalia. Mwalimu alikwenda kwa miguu yake, akasimama mbele yao na koti lake la kifungo kimoja, akasema: "Nampendekeza huyu." Mimi. Mama Zaituni alinisimulia baadaye kwamba alisubiri aseme zaidi, hakusema. Alikunywa chai yao, nusu, akaondoka.

Sikulala vizuri kwa furaha. Naandika hivyo kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mama Zaituni ni mama wa mjini, ana ulimi mkali na jicho linalopima mtu akiwa bado mlangoni. Aliniita mwanangu tangu siku ya pili. Vipimo vya wateja wake vilikuwa kwenye madaftari kumi na moja, mengine yana miaka mingi kuliko mashine za pale. Walikaa miezi kadhaa wakiandika kotekote, kwenye daftari na kwenye kompyuta ya zamani, na wakichanganya. Kisha walipata kompyuta mpya, na kifurushi rasmi cha Kipimo kilikuwa kimetoka wiki hiyohiyo. Nikahamishia vipimo vyote humo, wakaiuza ile ya zamani, nikaona wakati umefika wa kuachana na daftari. Nikaanza kupatana naye.

"Mama, mahali pawili panakuchanganya. Chagua mahali pamoja."

"Na mashini ikikufa?"

"Ikifa, Pacha ana nakala. Kila jioni."

"Huyo Pacha iko ndani kweli?"

"Yumo."

"Umemuona na macho?"

"Mama, Mwalimu ndiye amefunga kifurushi. Pacha yumo."

Aliita muuza karanga anayekaa kwenye ngazi za duka la jirani, akampa madaftari yote kumi na moja afungie karanga. Ndivyo tunavyofungia huku, kwa karatasi, mifuko ya plastiki hatuna. Alimpa bure. Hapo tu ningepaswa kushtuka, maana Mama Zaituni hajawahi kutoa kitu bure. Ila aliniamini mimi, na mimi nilimwamini Mwalimu, na kila mmoja wetu alipumzika kwenye bega la mwenzake.

Nilikuwa nimesakinisha mwenyewe, kwa mikono hii. Nilihesabu waya, mara mbili. Nilihesabu skrubu. Nilitazama uzito wa kifurushi ukipanda na nikashangaa kidogo: mia moja tisini na saba. Nilitegemea mia moja sitini na tano. Lakini mimi nimezoea kulalamika mzigo ukipungua. Ulipozidi nilinyamaza, nikasema moyoni kwamba Mwalimu ametuongezea kitu. Na ule mstari wa orodha ya tatu, wa vya kudokezwa, ulipita mbele ya macho yangu mwenyewe ukiwa na neno moja tu ndani yake. Sikuusoma. Nilifundishwa kwamba hakuna anayeusoma.

Mama Zaituni alipiga simu baada ya mwezi mmoja na siku nne. Ilikuwa mvua ya Aprili, radi ilipiga mahali juu ya Mont Kigali, umeme ukaruka ukarudi, na kompyuta ikarudi bila diski. Hakuwa analia. Alikuwa anasema polepole, na hilo ni baya zaidi.

"Mwanangu, mashini imekufa. Njoo na huyo Pacha yako."

Nilikwenda kwa moto, ndivyo tunavyoita pikipiki ya abiria huku, nimefurahi kidogo, nakiri. Mtu aliyetengeneza kizima moto hachukii kabisa kusikia kuna moshi. Nilichomeka kile kidude cha pembeni. Kilikuwa kitupu. Nikakichomoa, nikakichomeka tena, kwa sababu mimi nahesabu mara mbili. Kitupu. Pacha hakuwahi kuingia kwenye ile kompyuta hata siku moja.

Kulikuwa na oda ya harusi: wasimamizi wanane wa bibi harusi, gauni za kitenge, vitambaa vimeshakatwa nusu. Wawili kati yao wanaishi mbali, kule Rusizi. Kulikuwa na wateja wa miaka ambao hawajapimwa tangu wajifungue mara ya kwanza, na ambao hawakupenda kabisa kupimwa upya. Wanawake kumi na wanne walisimama nyuma yangu, mashine zote zimezimwa.

"Vipimo iko wapi?" Mama Zaituni aliuliza.

Nilikwenda kwa muuza karanga. Alikuwa amebakiwa na madaftari mawili na robo. Nilipatana naye, na kwa mara ya kwanza maishani nilitaja bei kabla ya mwenye mali. Kisha nikanunua karanga zake zote zilizokwisha fungwa, siku tatu mfululizo, nikawa nafungua kila pakiti nasoma. Nilikula karanga mpaka tumbo likaniambia basi. Nilipata kurasa arobaini na tatu. Nilipata nyonga ya mtu nzuri kabisa, imeandikwa kwa kalamu nyekundu, jina lake limebaki kwenye pakiti ya mtu mwingine, huenda limeshatupwa stendi ya Nyabugogo.

Tangu siku hiyo Mama Zaituni aliniita "bwana fundi". Kwa adabu, na chai aliendelea kunipa. Mtu ambaye hajawahi kuitwa mwanangu na mtu asiyemzaa hatajua ilivyouma.

Usiniulize kama nilimshuku Mwalimu mwanzoni. Nilijishuku mimi. Nilishuku kompyuta, nilishuku radi. Jambo la mwisho nililofanya lilikuwa kufungua kumbukumbu ya mabadiliko ya kifurushi, ule ukurasa ambapo mfungaji anaandika alibadilisha nini na kwa nini. Kulikuwa na kitu kinaitwa Kioo kimeingizwa kwenye vya kupendekezwa. Kinaonyesha picha ya mwanamke amevaa nguo uliyochagua, akizunguka polepole. Megabaiti thelathini na tisa. Chini yake: Pacha amehamishiwa vya kudokezwa, kwa makubaliano na mwandishi wake.

Kwa makubaliano na mwandishi wake. Maneno matano. Niliyahesabu mara mbili, labda moja lilikuwa la mtu mwingine.

Ningemuelewa angesema tu kwamba amemtoa. Mfungaji ana haki hiyo. Ningemuelewa hata kama angesema Pacha ni mbovu. Ningekwenda kubishana naye, tukamalizana. Ila alichukua ndiyo yangu, ambayo sikuitoa, akaitia sahihi. Mimi ambaye hata kitunguu sikubali kwa bei ya kwanza, nimeandikwa mahali, mbele ya yeyote anayejua kusoma, kwamba nilikubali bila neno.

Nilimpigia. Hakupokea. Nilimpigia tena, bila shaka. Jumamosi iliyofuata darasa halikuwepo, na mwenye duka la nafaka akatuambia chumba kimerudishwa. Wenzangu waligawanyika, kama ilivyo kawaida. Wawili walisema mzee lazima ana sababu zake. Mmoja alisema mimi nilipaswa kuusoma ule mstari. Huyo nilimjibu kwamba ni kweli, kisha sikuzungumza naye wiki mbili.

Nilimfanya Pacha mdogo zaidi, kwa hasira tu. Asubuhi moja nilimshusha kutoka saba hadi nne. Asubuhi ya pili hadi tatu kasoro. Kisha nikafanya hesabu ambayo nilipaswa kuifanya kabla. Vya lazima, lebo na vikaratasi vilikuwa mia moja hamsini na nane. Ongeza Kioo, mia moja tisini na saba. Ongeza Pacha wa zamani, mia mbili na nne. Nikakumbuka kulikuwa na shirika moja lililotaka kufadhili usambazaji wa Kipimo, nalo lilisisitiza kifurushi kisizidi mia mbili. Nne, basi. Niliuzwa kwa megabaiti nne, na ningeambiwa bei, ningezilipa kwa asubuhi mbili.

Miezi ilipita. Nilijua anakaa Batsinda ila sikujua nyumba, na nyumba za kule umeshasikia. Lakini mtu wa mjini anajua namna ya kumpata mtu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda, kazi ya lazima ya jamii, barabara zimefungwa na kila mtu yuko mtaani kwake na jembe mkononi, na hakuna wa kusema hayupo. Nililala Ijumaa kwa binamu yangu kule, nikaamka mapema, nikaazima jembe.

Nilimkuta kwenye mtaro, anazibua tope kwa utaratibu, koti amelitundika kwenye kichaka. Alikuwa amekonda. Aliniona, akasogea kidogo kunipa nafasi, kama vile tulikuwa tumepanga. Nikaingia mtaroni. Tulichimba kama nusu saa, bega kwa bega. Mzee mmoja wa mtaa alimsifu Mwalimu kwa kuleta mtu wa kumsaidia.

"Siyo msaidizi," Mwalimu alisema. "Ni mdai."

"Basi mdai mwenye bidii," yule mzee akasema, akaenda zake.

Nikaona mlango umefunguka. "Ungeniambia, Mwalimu."

"Ungekataa."

"Ningepatana. Zilizidi nne tu."

"Sikujua kama zinapungua."

"Hukuuliza."

Aliendelea kuchimba. "Wageni wa shirika walikuja kutazama," alisema baadaye. "Niliwaonyesha Pacha anavyonakili. Wakatazama simu zao. Nikawaonyesha yule mwanamke anayezunguka. Wakasimama, bwana mdogo. Wakapiga picha. Wakasema darasa litapata chumba chenye madirisha, na mimi mkataba."

"Ulipata?"

"Picha walipiga."

"Na yale maneno matano?"

Hapo aliacha jembe. Alikwenda kwenye kichaka, akatoa daftari kwenye koti, akaja nalo limefunguliwa kwenye ukurasa, akanipa kama mtu anayetoa risiti. Ulikuwa ukurasa wa vya kupendekezwa. Jina la Pacha lilikuwa limeandikwa kwa penseli, limefutwa, limeandikwa chini yake, limefutwa, tena, na tena. Karatasi ilikuwa imechubuka pale.

"Tazama," alisema. "Haikuwa rahisi."

Niliona alichotaka nikione. Alitaka nione usiku wake mbaya, mkono wake unavyorudi. Nikahesabu. Kaandika mara nne, kafuta mara nne. Nikahesabu tena, na hesabu ya pili ndiyo iliyoniumiza. Mtu aliyesahau unamsamehe kabla hajamaliza kueleza. Mtu ambaye hakujua unamfundisha. Huyu alikuwa ameuliza swali lake la simu mara nne, na mara zote nne jibu lilikuwa lilelile. Aliijua simu ya Mama Zaituni kabla haijalia. Na katika mara hizo nne hakunipigia hata moja.

Nikamrudishia daftari. "Mara nne," nikasema.

"Umehesabu mara mbili?"

"Nimehesabu."

Tulimaliza mtaro. Watu walikwenda kwenye mkutano wa mtaa, wakarudi, barabara zikafunguliwa, moto zikaanza kupita. Mwalimu alivaa koti, akafunga kile kifungo kimoja, akasimama pale akishika ukosi mahali ambapo hakuna kifungo. Nikaona kuna jambo linamtoka kwa shida, kama mtu anayetema mfupa.

"Nataka kwenda Nyamirambo," alisema. "Kwa wale kina mama. Koti hili linahitaji kushonwa. Na mimi... nina neno nao. Lakini hawatanifungulia. Naomba unipendekeze."

Miaka yote ile, ndiyo mara ya kwanza kumsikia akiomba kitu.

Nikatoa simu, nikampigia Mama Zaituni pale pale, sauti nimeiweka juu, kwa sababu sikutaka kusema nyuma ya Mwalimu nisiloweza kusema mbele yake.

"Bwana fundi," Mama Zaituni alisema.

"Mama, kuna mzee anakuja kwako na koti. Ndiye aliyefunga kile kifurushi. Ndiye aliyemtoa Pacha."

Mashine zilisikika nyuma yake, kisha moja moja zikanyamaza.

"Wewe unasema nimpokee? Unampendekeza?"

Mwalimu alikuwa ananitazama. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri bei. Ningeweza kusema neno moja, naye angekaribishwa kiti na chai. Alishawahi kulisema kwa ajili yangu mahali palepale, na wakati ule alilimaanisha, hilo silikatai.

"Hapana, Mama," nikasema. "Nimekwambia anakuja. Utaamua mwenyewe akifika."

Kisha cherehani moja ikaanza tena.

"Sawa, mwanangu," alisema. "Aje."

Nikazima simu. Mwalimu alikuwa amesikia yote. Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama alivyokuwa akifanya darasani mtu akijibu sawasawa, akasimamisha moto, akapatana nauli vibaya sana, akapanda. Sikumsaidia kupatana.